Amplifaya Ifaayo Spika Zetu Kuukuu

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo juu ya mambo ya sauti, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanafunzi wa Chama cha Fizikia wamekuwa wakiniuliza kwa nini tulizunguka mjini majuma manne tukitafuta amplifaya, hali madukani zimejaa tele. Ya pili ni deni. Wazazi walichanga fedha za kununua amplifaya nyingine baada ya ile ya kwanza kuungua, na aliyeiunguza ni mimi. Yafaa basi waelezwe fedha zao zimekwenda wapi. Darasani Fizikia twaifundisha kwa Kiingereza; hapa nitaandika kwa Kiswahili ili mzazi aliye nyumbani naye aweze kufuata hesabu.

Spika zenyewe wote mwazijua. Ni yale masanduku mawili ya mbao yaliyo katika maabara, ambayo kila moja lina uzito wa kilo 24, na ambayo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza huyadhania kuwa makabati. Ni za aina iitwayo AR-3a, zilizotengenezwa na Acoustic Research ya Cambridge, Massachusetts, huko Marekani, na aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1967. Mwalimu wetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alizinunua alipokuwa masomoni huko, akazileta kwa meli, na alipostaafu akaiachia shule. Aliacha pia kanda ya kaseti ya kwaya ya shule ya mwaka 1986, aliyoirekodi mwenyewe.

Siku ya Wazazi ya mwaka 2023 tuliahidi kuipiga kanda hiyo katika bwalo. Baadhi ya waliokuwa wakiimba katika kwaya ile sasa ni wazazi wa wanafunzi wetu, nao walikuja mapema wakakaa mbele. Nilikuwa na amplifaya ndogo ya shule, ambayo nyuma yake ilikuwa imeandikwa wazi kwamba ni ya spika za omu 8. Kwa kuwa upande wake mmoja ulikuwa mbovu, nilizifunga spika zote mbili pamoja kwenye upande uliobaki. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliyekuwa akinisaidia kuvuta nyaya akaniuliza, “Samahani Mwalimu, hizi spika ni za omu ngapi?” Nikamjibu, “Spika ni spika, kijana. Vuta waya.”

Kwaya ikaanza kwa sauti hafifu. Nikaongeza volyumu, sauti ikakwaruza. Nikaongeza tena hadi mwisho, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha tukasikia mlio mkali, kisha harufu ya plastiki inayoungua, kisha kimya. Amplifaya ilikufa, na twita ya spika ya kushoto, yaani kile kidude kidogo kitoacho sauti nyembamba, ikafa pamoja nayo. Wazazi wale wakapiga makofi ya heshima. Sijasahau makofi yale.

Sasa twende katika somo. Kwa nini spika hizi ni nzito kuendeshwa?

Kabla ya mwaka 1954, mtu aliyetaka besi ya chini kabisa nyumbani kwake alihitaji sanduku kubwa kama kabati la nguo. Koni ya spika ilishikwa na kingo ngumu ili irudi mahali pake kila inapotikisika, na kingo hizo ndizo zilizokuwa zikiharibu sauti, maana hazivuti sawasawa koni inapokwenda mbali. Bwana Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha mambo ya sauti katika Chuo Kikuu cha New York, aliwaza hivi: kwa nini tusizilegeze kingo hizo, tuzibe sanduku pande zote, na kuiacha hewa iliyofungiwa ndani iwe ndiyo springi? Hewa husukuma na kuvuta kwa ulinganifu kuliko kingo ngumu. Aliyeshirikiana naye kufungua kiwanda mwaka 1954 alikuwa Henry Kloss, mwanafunzi aliyekuwa amehudhuria masomo yake. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1956. Villchur alifariki mwaka 2011, lakini spika za sanduku lililozibwa zinatengenezwa hadi leo kwa njia ile ile.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kutoka katika sanduku la kuweka juu ya rafu ilitoka besi iliyowashinda wenye makabati. Acoustic Research walifanya hata maonyesho ya hadhara pamoja na wapiga fidla wa Fine Arts Quartet: wanamuziki wakipiga wenyewe, kisha katikati ya wimbo wanaendelea kupitisha pinde hewani bila kugusa nyuzi, na spika za AR-3 zinapokea kwa sauti iliyorekodiwa. Wasikilizaji wengi hawakuweza kutambua mahali pa kubadilishana.

Lakini hakuna cha bure. Mtaalamu mmoja aitwaye Josef Anton Hofmann alieleza jambo ambalo mafundi wa spika hulikumbuka mpaka leo: sanduku dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme mchache, haviwezi kupatikana vyote vitatu pamoja. Chagua viwili, cha tatu utakilipia. Villchur alichagua sanduku dogo na besi ya chini. Anayelipa ni amplifaya.

Malipo hayo ni ya namna mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa huijua ya kwanza tu.

Namna ya kwanza ni wingi wa nguvu. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza nguvu ya umeme mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio huona kwamba imeongezeka kidogo. Ili sikio liseme “sasa sauti ni maradufu” huna budi kuongeza desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi. Tulipima spika yetu ya kulia kwa mita ya sauti ya maabara. Tulipoipa wati 1, mita ikiwa umbali wa mita 1 mbele yake, ilionyesha kama desibeli 84. Ziko spika za tarumbeta, kama zile za Klipsch, ambazo kwa wati hiyo hiyo hutoa zaidi ya desibeli 100. Mwenye spika kama hizo aweza kuridhika na amplifaya ya wati 5, na sisi tukamwonea wivu.

Msikilizaji wetu amekaa umbali wa mita 4. Kwa umbali huo, kuta zikisaidia kidogo, twapoteza desibeli kama 8, inabaki 76. Spika ziko mbili, twaongeza 3, inakuwa 79. Kwa muziki wa kawaida hiyo yatosha. Lakini kwaya haiimbi kwa kiwango kimoja. Sauti zote nne zinapoingia pamoja, sauti huruka juu kwa nukta moja ya wakati. Tuseme twataka mruko huo ufike desibeli 97. Kutoka 79 hadi 97 ni desibeli 18, yaani kuongeza nguvu mara mbili, mara sita: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Kwa hiyo kila spika yahitaji wati 64 kwa muda mfupi, ingawa kwa dakika nyingi itakuwa ikitumia wati 1 tu. Wenye kiwanda walisema AR-3a isipewe amplifaya ya chini ya wati 25 kwa kila upande, na amplifaya waliyoitengeneza wenyewe ilitoa wati 60 kwa spika ya omu 4. Nilifurahi hesabu yetu ilipoangukia karibu na hapo.

Namna ya pili ya malipo ni ukinzani, na ndilo swali nililomkatiza yule kijana.

Spika za AR-3a ni za omu 4. Kanuni ya Ohm mwaijua: mkondo ni volti ukigawanya kwa ukinzani. Tukitaka wati 64 katika omu 4, volti ni 16, kwa maana 16 mara 16 ni 256, na 256 ukigawa kwa 4 ni 64. Mkondo basi ni ampea 4. Kwa spika ya omu 8, volti zile zile 16 zingevuta ampea 2 tu. Sasa tazama nilivyofanya mimi. Spika mbili za omu 4 zikifungwa bega kwa bega zinakuwa kama spika moja ya omu 2. Kwa volti 16 zinadai ampea 8. Niliitaka amplifaya ile ibebe mzigo mara nne ya ule iliotengenezewa. Transista zake zilipata moto, zikaungua. Hesabu hiyo ni ya Kidato cha Pili, tena nilikuwa nimeifundisha mwezi ule ule.

Na ile twita je? Watu hudhani spika huuawa na amplifaya kubwa. Mara nyingi huuawa na ndogo inayolazimishwa. Amplifaya haiwezi kutoa volti kupita zile ilizo nazo ndani. Ukiidai zaidi, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa na kuwa bapa juu na chini. Wimbi lililokatwa hivyo huzaa sauti nyembamba nyingi ambazo hazikuwamo katika wimbo, na hizo zote huelekea kwenye twita, ambayo koili yake ni waya mwembamba sana. Ule mkwaruzo nilioupuuza ulikuwa ndio kilio chake. Twita ya asili ya AR-3a haitengenezwi tena, kwa hiyo spika ya kushoto sasa ina twita ya aina nyingine, na mwenye sikio zuri aitambua.

Kitu kimoja zaidi juu ya ukinzani, na ninawaomba wanafunzi wakifanye kwa mikono yao. Ukiipima spika kwa mita ya kawaida utaona tarakimu moja tu, nayo haikuambii kweli yote, kwa sababu ukinzani wa spika hubadilika kila sauti inapopanda au kushuka. Chukua rezista ya omu 10 yenye uwezo wa wati kadhaa, uifunge mfululizo na spika, kisha upeleke sauti ya filimbi moja kutoka kwenye simu kupitia amplifaya yoyote ndogo, kwa volyumu ya chini. Pima volti kwenye spika, pima volti kwenye rezista. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 10, na hiyo ndiyo omu ya spika kwa sauti ile. Rudia kutoka hezi 20 kwenda juu, uchore grafu. Mita za bei ndogo husema uongo kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo usivuke hezi 1,000 bila mita nzuri. Sisi tuliona grafu ikipanda kama kichuguu karibu na hezi 42, pale ambapo koni na hewa iliyofungiwa hupenda kutikisika pamoja, kisha ikashuka hadi 4, na mahali pengine chini ya 4. Kwa hiyo amplifaya inayosema “omu 4 hadi 16” iko ukingoni kwa spika hizi. Bora ile isiyoogopa hata omu 2.

Kamati ilitupa shilingi 600,000. Tukaingia mjini, mimi na wanafunzi watatu, yule kijana akiwamo.

Dukani tulionyeshwa kijisanduku kinachong’aa, chenye taa za buluu na maandishi makubwa: wati 1,200. Uzito wake haukufika kilo 2. Mwenye duka alikuwa mkarimu, akatupigia muziki. Mwanafunzi mmoja akakipindua, akasoma kibandiko cha nyuma: volti 230, wati 80. Akaniangalia, nikamwangalia. Kitu kinachopokea wati 80 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,200 upande wa pili. Nishati haizaliwi sandukuni. Ukiondoa ipoteayo kwa joto, tuseme zilibaki wati 25 au 30 kwa kila upande. Si kitu kibaya kwa chumba cha kulala. Ubaya ulikuwa ni yale maandishi. Tangu siku hiyo desturi yetu ni kusoma nyuma kabla ya mbele.

Fundi mmoja mzee akatuonyesha amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zilizokuwa katika redio za zamani. Wazee hawa wana heshima yao. Dynaco Stereo 70, iliyotoka mwaka 1959, ilitoa wati 35 kila upande, na transfoma yake ilikuwa na matundu ya 4, 8 na 16, kila spika ikipewa yake. Hiyo ndiyo njia ya kiungwana ya kukabili omu 4. Ile ya Mzee wetu ilikuwa nzuri kuitazama jioni. Lakini valvu huchakaa, kupata nyingine ni kuagiza ng’ambo, na ndani yake mna volti mia kadhaa. Sitaki hizo karibu na Kidato cha Kwanza.

Mahali pa tatu palikuwa na amplifaya ya nyumbani ya miaka ya 1970, ya transista, kilo 15, mabawa makubwa ya aluminiamu ya kupozea. Kibandiko chake kilikuwa cha ukweli: wati 60 kwa omu 8, wati 85 kwa omu 4. Hiyo ndiyo alama nzuri ya kutafuta, kwamba mtengenezaji ametaja namba mbili na ya pili ni kubwa kwa kiasi kizuri. Asiyetaja omu 4 kabisa huenda ana sababu ya kunyamaza. Niliitamani. Ila ilikuwa ya soko la Marekani, volti 120, isiyo na swichi ya kubadilisha. Ukiichomeka katika volti zetu 230 itaungua kabla hujaketi, na transfoma ya kuishusha ilikuwa bei ya juu. Tena kapasita zake zilikuwa na umri wa miaka hamsini. Tuliiacha kwa huzuni.

Tuliyoinunua haina sura. Ni amplifaya ya jukwaani, iliyotumika, ya wapiga muziki wa harusi, kilo 16, rangi nyeusi iliyochubuka. Kibandiko: wati 200 kwa omu 8, wati 320 kwa omu 4, na yaruhusiwa hata omu 2. Vyombo vya namna hii hujengwa kwa watu wanaofunga spika mbili mbili usiku kucha, kwa hiyo hudharau mzigo wetu. Bei shilingi 450,000. Kasoro yake ni feni inayovuma. Tumeiweka ndani ya kabati lisilo na mgongo, na sasa haisikiki sana.

Mzazi mmoja, fundi wa magari, aliniuliza swali la haki: “Mwalimu, wati 320 hazitazipasua?” Nilimjibu kwa lugha ya kazi yake. Lori la tani saba laweza kubeba tani moja bila kujua kwamba limebeba, bali dereva mjinga aweza kuliendesha ukutani. Amplifaya haisukumi wati zote kila wakati. Hutoa zile inazoombwa na volyumu. Kwa hiyo tulipima volti kwenye spika, tukaona mahali pa volti 16, tukapaka alama ya rangi nyekundu. Kupita hapo ni marufuku. Kila spika ina fyuzi yake pia, ingawa fyuzi huiokoa besi kuliko twita.

Fedha zilizobaki, shilingi 150,000, zilikwenda kwenye mambo mawili. Kingo za koni za besi, ambazo ni za povu na huoza kwa umri, zilibadilishwa zote mbili. Na waya. Ule wa zamani ulikuwa mwembamba kama wa kengele, mita 20 kwenda na kurudi, na tulipoupima ulikuwa na omu 1 nzima. Katika mzigo wa omu 4, waya huo peke yake ulikuwa ukila sehemu moja ya tano ya umeme njiani. Risiti zote ziko kwa Mhasibu, na mzazi yeyote aweza kuziona.

Kanda ya mwaka 1986 tumeshaipiga mara moja katika maabara, milango imefungwa. Sauti ya nne ya kwaya ile, ambayo sikuwahi kuisikia kwenye redio yangu ya nyumbani, ilitoka chini kabisa, na kikohozi cha mtu mmoja baada ya ubeti wa pili kilisikika kana kwamba yuko nyuma ya ubao. Siku ya Wazazi ya muhula ujao tutaipiga tena katika bwalo, saa nne asubuhi, kila spika upande wake. Yule kijana sasa yuko Kidato cha Nne. Yeye ndiye atakayeshika volyumu.